Kutoka Imla hadi Karantini: Lugha na Huduma kwa Jamii za Tamaduni Anuwai Jijini Melbourne, 2020

Ikisiri

Alasiri ya tarehe 4 Julai 2020, serikali ya jimbo la Victoria nchini Australia ilifunga maghorofa tisa ya makazi ya umma jijini Melbourne ili kudhibiti UVIKO-19. Wakaazi wapatao 3,000, wengi wao wahamiaji na wakimbizi, walizuiwa kutoka bila kupewa notisi. Makala haya yanalichunguza tukio hilo katika historia ndefu ya matumizi ya lugha katika kuwatawala wahamiaji nchini humo, kuanzia jaribio la imla la mwaka 1901 hadi huduma ya ukalimani kwa simu ya mwaka 1973. Aidha, yanajadili ugumu wa kuitafsiri amri ya aina hiyo kwa Kiswahili, lugha ya baadhi ya wakimbizi waliopokewa Australia. Hoja kuu ni kwamba tafsiri inayofika baada ya amri hairekebishi kasoro ya amri hiyo. Lugha ni sehemu ya huduma ya afya yenyewe, na nguvu yake hutegemea uaminifu uliojengwa kabla ya janga.

1.0 Utangulizi

Tafiti nyingi kuhusu lugha na UVIKO-19 katika Kiswahili zimejikita katika uundaji wa istilahi. Mkazo huo unaeleweka. Katika kipindi kifupi, wazungumzaji walihitaji kutaja virusi, vipimo, chanjo na vifaa ambavyo hapo awali vilikuwa vya wataalamu. Maneno ya zamani yalipewa kazi mpya. Barakoa, neno lenye asili ya Kiarabu lililotaja kifuniko cha uso kilichovaliwa na baadhi ya wanawake wa Pwani na Uarabuni, likawa jina la kifaa cha kujikinga na maambukizi. Kifupisho UVIKO-19 kikaenea, hususani nchini Tanzania. Hata hivyo, istilahi ni upande mmoja tu wa suala la lugha wakati wa janga. Upande wa pili unahusu nani anasema, anamwambia nani, lini, na kwa mamlaka gani.

Upande huo wa pili hudhihirika zaidi katika jamii zenye tamaduni anuwai, ambamo dola na wananchi hawana lugha moja ya nyumbani. Melbourne ni mfano wenye mafunzo kwa sababu mbili. Kwanza, Australia ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuanzisha huduma rasmi za ukalimani kwa wahamiaji. Kwa hiyo kilichotokea mwaka 2020 hakiwezi kuelezwa kwa ukosefu wa taasisi au wa ujuzi. Pili, tukio la Julai 2020 lilifanyiwa uchunguzi rasmi na ombudsmani wa Victoria, yaani afisa huru anayechunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, na ripoti yake iliwasilishwa bungeni Desemba mwaka huohuo. Hivyo inawezekana kufuatilia mpangilio wa matukio na kuona mahali ambapo lugha ilikosekana.

2.0 Lugha kama lango na kama daraja, 1901–1978

Uhusiano wa karantini, lugha na hofu ya wageni ni wa zamani nchini Australia. Neno karantini lenyewe, lililoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza, lina asili ya Kiitalia na linatokana na siku 40 ambazo vyombo vilisubirishwa kabla ya watu na shehena kushuka. Koloni la Victoria lilianzisha kituo chake cha karantini huko Point Nepean mwaka 1852, baada ya meli ya Ticonderoga kuwasili na abiria wengi wagonjwa. Abiria hao walikuwa Waingereza na Waskoti, na maradhi yao hayakuhesabiwa kuwa sifa ya kabila lao. Hali ilikuwa tofauti ndui ilipozuka Sydney mwaka 1881. Lawama ziliwaangukia Wachina, na mwaka huohuo koloni la New South Wales likapitisha sheria ya kupunguza uhamiaji wao. Ugonjwa ulikuwa umepewa utaifa.

Makoloni yalipoungana mwaka 1901, Sheria ya Kudhibiti Uhamiaji ilitumia lugha kuwa chombo cha kuwakataa watu bila kutaja rangi yao. Afisa wa forodha aliruhusiwa kumsomea mgeni maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya na kumtaka ayaandike. Lugha ya imla ilichaguliwa na afisa. Mtu aliyejua Kiingereza aliweza kusomewa lugha nyingine hadi ashindwe. Mwaka 1934, mwandishi Egon Kisch, mzaliwa wa Prague aliyejua lugha kadhaa, alipewa imla ya Kigaeli cha Uskoti. Mahakama Kuu ya Australia ilitengua uamuzi dhidi yake kwa hoja kwamba Kigaeli hicho hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana iliyokusudiwa na sheria. Kesi hiyo iliweka wazi kwamba jaribio halikupima ujuzi wa lugha. Lilikuwa lango, na ufunguo ulibaki mkononi mwa afisa. Jaribio hilo lilifutwa kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1958.

Mabadiliko ya miaka ya 1970 yaliigeuza lugha kuwa daraja, angalau katika sera. Mwaka 1973 serikali ya shirikisho ilianzisha huduma ya ukalimani wa dharura kwa simu. Mwaka 1977 iliundwa taasisi ya kitaifa ya kuthibitisha sifa za wafasiri na wakalimani. Ripoti ya Galbally ya mwaka 1978 iliimarisha msimamo kwamba wahamiaji wana haki ya kuzifikia huduma za umma, na kwamba lugha haipaswi kuwa kizuizi. Kwa mantiki hiyo, mkalimani alihesabiwa kuwa sehemu ya huduma, sawa na muuguzi au karani. Msimamo huo ndio kipimo kinachofaa kuyapimia matukio ya mwaka 2020, kwa kuwa ni kipimo ambacho Australia ilijiwekea yenyewe.

3.0 Maghorofa na wakaazi wake

Maghorofa ya Flemington na North Melbourne ni sehemu ya majengo marefu yaliyojengwa na Tume ya Makazi ya Victoria, hasa katika miaka ya 1960, kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani. Yalikusudiwa kuchukua nafasi ya mitaa iliyohesabiwa kuwa ya mabanda. Tangu hapo, mabadiliko ya wakaazi wake yamefuata historia ya vita duniani. Baada ya vita vya Indochina walikuja Wavietinamu. Kuanzia miaka ya 1990 wakaongezeka watu kutoka Pembe ya Afrika na Sudan. Kufikia mwaka 2020, mtu aliyepanda lifti katika maghorofa hayo angeweza kusikia Kisomali, Kioromo, Kiamhari, Kitigrinya, Kiarabu, Kivietinamu na Kichina.

Kiswahili hakikuwa lugha kuu ya maghorofa hayo. Hata hivyo, kilikuwa tayari miongoni mwa lugha za wakimbizi wa Australia. Tangu miaka ya 2000 nchi hiyo imewapokea Wakongo na Warundi, wakiwamo waliokaa miaka mingi katika kambi za mkoa wa Kigoma nchini Tanzania na kambi ya Kakuma nchini Kenya. Shirika la utangazaji la SBS lina idhaa ya Kiswahili, na Victoria ilichapisha taarifa za korona kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine kadhaa. Kwa sababu hiyo, maswali yaliyoibuka Flemington yanawahusu pia wafasiri wa Kiswahili.

Umbo la majengo lilikuwa na athari kubwa. Familia kubwa ziliishi katika vyumba vichache, na mamia ya watu walitegemea lifti na vyumba vya kufulia vya pamoja. Wengi walifanya kazi zisizoweza kufanyiwa nyumbani. Hatari ya maambukizi ilikuwa ya kweli, na mjadala kuhusu haki usiifiche. Walioishi humo walikuwa wa kwanza kuijua, kwa kuwa wao ndio waliobanana ndani ya lifti hizo.

4.0 Julai 2020: Amri iliyotangulia maelezo

Jumamosi ya tarehe 4 Julai 2020, Waziri Mkuu wa jimbo, Daniel Andrews, alitangaza kufungwa kwa maghorofa tisa baada ya visa zaidi ya 20 kugunduliwa humo. Amri ilianza kutekelezwa papo hapo. Polisi walikuwa wamekwisha kuyazingira majengo. Wakaazi wengi walipata habari kwa kuwaona polisi mlangoni, kwa kupigiwa simu na jamaa, au kwa kutazama televisheni. Waliokuwa kazini au sokoni walirudi na kukuta njia zimefungwa. Waliokuwa ndani hawakupata nafasi ya kununua chakula, maziwa ya watoto au dawa.

Ripoti ya ombudsmani Deborah Glass, iliyowasilishwa tarehe 17 Desemba 2020, inatofautisha mambo mawili ambayo mjadala wa umma uliyachanganya. Ripoti ilikubali kwamba kuyafunga majengo kwa muda kuliungwa mkono na ushauri wa kitaalamu. Haikukubali kwamba kuyafunga papo hapo kulikuwa na msingi huohuo. Maafisa wa afya walikuwa wametarajia muda wa maandalizi. Naibu mkuu wa maafisa wa afya aliyetia saini alipewa chini ya dakika 15 kuzitafakari amri hizo na athari zake kwa haki za binadamu. Ombudsmani alihitimisha kwamba kuwazuia wakaazi kwa namna hiyo kulikiuka sheria ya haki za binadamu ya Victoria ya mwaka 2006, ikiwamo haki ya mtu aliyenyimwa uhuru kutendewa kwa utu.

Kwa mtafiti wa lugha, muda uliorukwa ndio kiini cha jambo. Kutafsiri amri ya kisheria, kuthibitisha tafsiri, kuwaita wakalimani na kuwapanga kwa lugha na ghorofa ni kazi ya saa nyingi. Uamuzi wa kufuta muda huo ulikuwa pia uamuzi wa kufanya kazi kwa Kiingereza pekee, ingawa hakuna aliyeutangaza hivyo. Siku za mwanzo ukalimani ulikosekana, na taarifa zilizotafsiriwa zilichelewa kufika milangoni. Mkaazi asiyejua Kiingereza alijulishwa kwa ishara: mtu mwenye sare akimwonesha arudi ndani.

Kosa la kuiona lugha kuwa kasoro ya mgeni lilijitokeza wazi zaidi siku mbili baadaye. Seneta Pauline Hanson aliwalaumu wakaazi hao katika kipindi cha asubuhi cha televisheni, akihusisha kutofuata kanuni na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kituo hicho kilikatisha ushiriki wake wa mara kwa mara. Hata hivyo, kauli hiyo ilirudisha mantiki ya imla: mgeni ndiye anayepaswa kufaulu mtihani wa lugha, na akishindwa anastahili yanayomfika.

Maghorofa manane yalilegezewa masharti baada ya siku tano. La tisa, 33 Alfred Street, lilibaki limefungwa kwa siku 14, hadi tarehe 18 Julai. Baadhi ya wakaazi wake walisubiri wiki moja au zaidi kabla ya kuruhusiwa kushuka nje kupata hewa safi chini ya uangalizi.

5.0 Karantini, kizuizi au hifadhi: Mzigo wa maneno katika Kiswahili

Amri za Julai 2020 zilitolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma na Ustawi ya mwaka 2008, na kisheria ziliitwa amri za kuzuilia watu. Swali linalofaa kuulizwa katika taaluma ya tafsiri ni hili: amri hiyo ingewasilishwaje kwa Kiswahili mlangoni mwa mkimbizi kutoka Uvira aliyepitia Kigoma?

Chaguo la kwanza ni kizuizini. Kwa maana ya kisheria ndilo lililo karibu zaidi, kwa kuwa linataja kunyimwa uhuru bila kuhukumiwa. Hata hivyo, neno hili limebeba historia nzito Afrika Mashariki. Nchini Kenya, kuwekwa kizuizini kunakumbusha kambi za Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Kunakumbusha pia wafungwa wa kisiasa waliofuata baada ya uhuru, akiwamo Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeshikiliwa bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa mwaka 1977 hadi Desemba 1978. Tanganyika nayo ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini mwaka 1962. Mkaazi anayeambiwa kwamba amewekwa kizuizini atajiuliza ametenda kosa gani dhidi ya serikali.

Chaguo la pili, karantini, lina sura ya kitabibu. Kwa jamii za wafugaji, hata hivyo, neno hili limezoeleka zaidi kuhusu mifugo iliyozuiwa kupelekwa mnadani kwa sababu ya maradhi. Mtu anaweza kulielewa vyema na bado akahisi kwamba amehesabiwa pamoja na ng'ombe. Chaguo la tatu ni mafungu ya maneno yenye upole, kama vile kukaa nyumbani kwa usalama wako. Tafsiri hii huondoa hofu kwa gharama ya ukweli. Mkaazi wa 33 Alfred Street hakuombwa akae nyumbani. Alizuiliwa na polisi, na alihitaji kuambiwa hivyo ili ajue haki zake na mahali pa kulalamika.

Yamkini tafsiri bora ingekuwa ya maelezo: sheria inakukataza kutoka nje ya nyumba yako kwa muda fulani kwa sababu ya ugonjwa, hujashtakiwa kwa kosa lolote, ukihitaji dawa, piga namba hii. Sentensi hizo ni ndefu kuliko istilahi moja, nazo zinahitaji mtu wa kuzisoma kwa sauti, kuulizwa maswali na kuyajibu. Kwa hiyo uchambuzi wa neno moja unarudisha mjadala kwa mkalimani aliyepo mlangoni, si kwa kamusi.

Suala la lahaja linaongeza uzito. Taarifa iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu hutumia barakoa na kitakasa mikono, maneno yasiyo lazima kuwa ya kawaida kwa msemaji wa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambaye mengi ya maneno yake ya hospitali na ofisi yametoholewa kutoka Kifaransa. Kuandika jina Kiswahili juu ya waraka hakuhakikishi kwamba kila mzungumzaji wake ameufikia. Lugha nyingine ziliathirika vibaya zaidi: Agosti 2020 vyombo vya habari vya Australia viliripoti bango la kiserikali kuhusu barakoa lililochanganya Kiarabu na Kiajemi. Kwa asiyesoma lugha hizo, maandishi yanafanana. Kwa msomaji wake, bango hilo lilionesha kwamba hakuna aliyelipitia kabla ya kuchapishwa.

6.0 Waliofikisha ujumbe

Wakati mfumo rasmi ukijipanga, kazi ya kuwasiliana ilifanywa na wakaazi wenyewe. Vijana waliokulia katika maghorofa hayo, wenye Kiingereza cha shule na lugha ya nyumbani, walitafsiri amri, wakazisambaza kwa simu na mitandao ya kijamii, na kuorodhesha nani anahitaji insulini, nani ana mtoto mchanga, nani hajala. Shirika la Waislamu la huduma za jamii lijulikanalo kwa kifupi AMSSA, lenye ofisi North Melbourne karibu na maghorofa yenyewe, liligeuka kuwa ghala la chakula na kituo cha wafanyakazi wa kujitolea.

Mgogoro wa chakula unaonesha kwamba tafsiri si ya maneno pekee. Baadhi ya vyakula vilivyogawiwa na mamlaka vilikuwa vimepita muda wa matumizi, na vingine havikuwa halali kwa Waislamu. AMSSA na majirani walijua familia zinakula nini na zinapika vipi. Kifurushi cha unga, mchele, mafuta na viungo kilibeba ujumbe ambao kipeperushi hakikuweza kuubeba: anayekuletea anakufahamu.

Hoja hii isieleweke kwamba kuwa na lugha moja kunatosha. Miezi miwili kabla ya tukio la Melbourne, tarehe 6 Mei 2020, serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi. Katika Mji wa Kale, ambako Waswahili, Wahadhrami, Wabaluchi na Mabohora wameishi pamoja kwa vizazi, hakukuwa na haja ya mkalimani, kwani amri ilieleweka kwa Kiswahili. Hata hivyo, ilishuka katikati ya Ramadhani na ikaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Eid ilisherehekewa ndani ya mipaka hiyo. Kulielewa tangazo na kuwa na sauti katika uamuzi ni mambo mawili tofauti. Mombasa ilikuwa na la kwanza. Melbourne, katika siku za mwanzo, ilikosa yote mawili.

Uhusiano wa uaminifu na afya ni wa kiutendaji. Methali husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aghalabu mtu huficha maradhi anapoamini kwamba kuyataja kutamletea adhabu. Kwa mkimbizi aliyeishi katika kambi za Tanzania, ambako sheria ya mwaka 1998 ilimtaka awe na kibali ili atoke kambini, askari langoni si alama ya matibabu. Kumtaka mtu huyo ajitokeze kupimwa kunahitaji sauti nyingine isiyo ya askari. Serikali ya Victoria ilionekana kulitambua hilo baadaye katika mwaka huohuo. Kupitia vituo vya afya vya jamii kama cohealth, iliwaajiri wakaazi wa makazi ya umma kukaa milangoni mwa majengo, kugawa barakoa na kujibu maswali kwa lugha za majirani zao. Kazi iliyofanywa bila malipo mwezi Julai ilipata mshahara na cheo.

7.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa hapa haioneshi mwendo ulionyooka kutoka ubaguzi hadi ujumuishi. Imla ilifutwa, ukalimani ukaanzishwa, taasisi zikajengwa. Hata hivyo, katika alasiri moja ya Julai, mfumo wenye uzoefu wa karibu nusu karne uliendeshwa kana kwamba haupo. Sababu haikuwa uchache wa wafasiri. Lugha ilihesabiwa kuwa jambo la kushughulikiwa baada ya uamuzi, ilhali ilipaswa kuwa miongoni mwa masharti ya uamuzi wenyewe. Kwa watunga sera, funzo ni kwamba muda wa tafsiri unapaswa kuandikwa ndani ya mipango ya dharura, kama unavyoandikwa muda wa kusafirisha chanjo. Kwa wanaisimu wa Kiswahili, funzo ni kwamba istilahi za afya zinahitaji kupimwa kwa masikio ya wazungumzaji wa Bukavu na Bujumbura pamoja na wa Dar es Salaam na Mombasa, na kwa kumbukumbu ambazo maneno hayo huamsha.

Ombudsmani alipendekeza wakaazi waombwe radhi. Serikali ilikataa. Mwaka 2023 shauri la pamoja lililofunguliwa kwa niaba yao lilimalizika kwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 5 za Australia. Septemba mwaka huohuo, serikali ya jimbo ilitangaza mpango wa kuyabomoa na kuyajenga upya maghorofa yote 44 ya makazi ya umma ya Melbourne kufikia mwaka 2051. Jengo la 33 Alfred Street ni miongoni mwa yaliyopangwa kutangulia, na wakaazi wake wamelazimika tena kupokea habari za kuondolewa katika nyumba zao.